Anti wa Masoko Anajibu: "Kastoma aliniuliza mbona namrudia kama kasuku"

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kutoka kwa watu wa maketingi na mauzo, na nilivyozisoma moja moja nikaona karibu zote zinagonga mlango mmoja: kastoma namsikilizaje? Nimefurahi jamani, maana miaka yote niliyotembea na begi la sampuli kutoka Kikuubo, soko la jumla la hapa Kampala, mpaka Busia mpakani, swali hilo sikulisikia hata siku moja, sisi tulikuwa tunaulizana tu tuongee vipi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndo iliyonigusa zaidi.

Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, nauza chakula cha kuku upande wa Mukono na Seeta. Bosi aliona naongea sana kuliko kastoma akanipeleka semina ya siku mbili ya usikilizaji makini. Tukafundishwa mtazame mtu machoni, tikisa kichwa, sema mmh, alafu rudia alichosema kwa maneno yako. Nikarudi kazini nikafanya hivyo hivyo. Mama mmoja mfugaji akasema chakula chenu ghali, nikamjibu "kwa hiyo mama unahisi chakula chetu ni ghali", akaniangalia akasema "mwanangu, mbona unanirudia kama kasuku?" Waliokuwepo wakacheka na mimi nikaona aibu mpaka leo. Hii kitu inafanya kazi kweli au ni ya wazungu tu? – Binti wa Mukono

Marahaba mwanangu. Pole kwa aibu, lakini huyo mama usimkimbie, rudi kwake, maana amekuonyesha kitu ambacho semina ilikiruka.

Jina hilo la usikilizaji makini lilienea kutokana na kijitabu cha mwaka 1957 cha Wamarekani wawili, Carl Rogers na Richard Farson, kilichotoka Chuo Kikuu cha Chicago. Rogers alikuwa mwanasaikolojia, mtu wa kukaa na watu wenye shida zao na kuwasikiliza saa nzima, na walichoandika kilikuwa kwa ajili ya mameneja na wafanyakazi wao. Sasa sikia, hao wawili wenyewe walionya mapema kwamba huwezi kuichukua hii kama mbinu tu ya kuvaa, kama moyoni humheshimu yule anayeongea yeye ataihisi na itakuwa kitu kitupu. Walisema pia kusikiliza hivyo kuna hatari yake kwa anayesikiliza, kwamba ukimsikia mtu sawasawa unaweza kubadilika wewe. Hilo la mwisho ndo watu wa semina wanaliacha, wanabaki na kichwa cha kutikisa. Kwa hiyo si swali la wazungu au sisi, mama wa Mukono na Rogers wa Chicago wamesema jambo moja.

Mimi nakupa kipimo changu: ulipotoka kwa yule mama kuna kitu gani kilibadilika kwenye ulichotaka kumwambia? Kama hakuna, basi hukumsikiliza, ulikuwa unangoja zamu yako.

Chukua hilo neno "ghali". Kwa sisi watu wa mauzo neno hilo ni kama "naumwa" kwa daktari. Mgonjwa akisema naumwa, daktari hawezi kumwambia "kwa hiyo unahisi unaumwa", anamuuliza wapi, tangu lini, ukila inakuwaje. Ghali inaweza kuwa bei kweli. Inaweza pia kuwa sijakuamini, au mume wangu ndo anaamua, au jirani alinunua kwenu na kuku wake wakapunguza kutaga. Ngoja nikuandikie mazungumzo kama niliyowahi kuwa nayo na mfugaji wa kuku wa mayai, yalikwenda karibu hivi:

"Chakula chenu ghali."

"Pole mama. Kimekuwa ghali tangu lini?"

"Aah, bei yenyewe si mbaya sana. Ila nyinyi mnakuja Jumatatu."

Hapo nikanyamaza. Nilitamani sana kusema kitu lakini nikanyamaza, yeye akawa anaokota mayai mawili yaliyotagwa pembeni anayaweka kwenye trei, alafu akaendelea mwenyewe:

"Jumatatu mimi sina hela. Anayechukua trei zangu anakuja Ijumaa, ndo ananilipa. Mkinikuta Jumatatu inabidi nikope kwa shemeji, na shemeji nikimrudishia lazima nimwongezee kidogo. Sasa huo mfuko si unakuwa ghali?"

"Kwa hiyo tukileta Jumamosi unalipa bila kukopa, na bei inakuwa sawa?"

"Eee! Sasa umenisikia."

Umeona kurudia kunavyotakiwa kuwa? Sikurudia maneno yake, nilirudia nilichoelewa na nikaweka kwa namna ambayo kama nimekosea anaweza kunikatalia. Kasuku hawezi kukosea maana anarudisha ulichompa. Wewe ukubali kukosea mbele ya kastoma, atakusahihisha, na ukishasahihishwa mara moja yeye mwenyewe anaanza kukueleza bila kuulizwa. Na diskaunti ambayo ungekimbilia kuomba kwa bosi haikuhitajika hata shilingi moja, tulibadilisha siku ya gari.

Ile kunyamaza ndo ngumu kuliko yote. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota anaitwa Ralph Nichols, miaka ya 1950 alipima maelfu ya wanafunzi na mamia ya watu wa biashara akakuta mtu wa kawaida, mara tu baada ya kumaliza kusikiliza, anakumbuka kama nusu ya alichoambiwa. Sababu moja aliyoieleza ni kwamba mtu anaongea kama maneno 125 kwa dakika na akili inakwenda haraka kuliko hapo, kwa hiyo inabaki na nafasi, inatembea, inafika Jinja na kurudi kabla mwenzako hajamaliza sentensi. Sisi maketa ile nafasi tunaitumia kuandaa jibu. Ukijikuta jibu limeshaiva kabla mama hajamaliza, liachie, jiulize tu hivi hapa anazungumzia nini hasa? Na akimaliza hesabu pole pole moja mpaka nne ndo ufungue mdomo. Mara nyingi ukifika tatu ataongeza kitu, na kile alichoongeza ndo chenyewe.

Kuhusu kumtazama machoni, hapo nawaomba walimu wa semina watuelewe. Nyumbani kwa wengi wetu binti akimkazia macho mtu mzima si adabu, na wewe unauzia wamama wa umri wa mama yako. Tazama kile anachokuonyesha, tazama mabanda, tazama mikono yake inafanya nini, na uso kwa uso kidogo kidogo inatosha. Atajua tu kama uko naye.

Alafu ngoja nikwambie langu moja. Zamani nilikuwa nauza mafuta ya kupikia ya kampuni moja, madumu ya lita 20, na kulikuwa na mama mwenye kiduka pale Busia ambaye kila nikifika ananiambia neno moja, "mafuta yenu yanamwagika". Mimi nikajua dumu linavuja njiani. Nikamwandikia ripoti, tukambadilishia dumu. Mwezi uliofuata, yanamwagika. Tukambadilishia tena na nikamwombea na diskaunti juu. Mwezi wa tatu nikakuta amehamia kwa wengine. Nikakaa kwenye kreti ya soda nje ya duka lake, sina haraka tena maana oda nimeshaikosa, na watoto wakawa wanakuja wametumwa mafuta ya shilingi 500, anawapimia kwenye kikombe anamimina kwenye kaveera, kile kijimfuko cha plastiki. Nikaona dumu jipya alilokuwa nalo lina mdomo mpana. Letu lilikuwa na mdomo mwembamba, ukiliinamisha linagugumia, linatema, mafuta yanapita nje ya kikombe mpaka mezani. Yalikuwa yanamwagika pale pale mkononi mwake, kila mtoto aliyekuja, siku nzima. Miezi miwili aliniambia na sikuwahi kumuuliza "yanamwagika wapi mama?" Hayo maneno matatu yangenibakizia kastoma. Ndo maana nikisikia mtu anasema kusikiliza ni jambo la tabia nzuri tu huwa nauma meno, ni kazi, ina hesabu yake kwenye kitabu cha mauzo.

Anti habari za kazi. Niko kwenye timu ya brandi hapa Kampala. Tulifanya vikundi vya majadiliano kabla ya kutoa juisi yetu mpya, watu kumi kumi, tukawapa nauli na chakula, tukawaonjesha, wote wakasema nzuri sana, kifungashio kizuri, bei nzuri. Sasa ni mwezi wa nne na maduka yanaturudishia katoni. Tulisikiliza kila neno na tukarekodi kila kitu. Tulikosea wapi? – Kaka wa Ntinda

Kaka, mgeni aliyekaribishwa, akalishwa, akapewa na nauli, unataka aseme juisi yako mbaya? Wetu hawajalelewa hivyo. Hata ukienda kwa mtu ukakuta chumvi imezidi utasema asante kwa chakula, na ndivyo inavyotakiwa. Tatizo si kwamba walidanganya, tatizo ni kwamba mliwauliza swali lenye jibu moja la adabu.

Na hata bila adabu, mtu anajibu ulichouliza, hajibu ulichosahau. Mwaka 1985 Coca-Cola walibadilisha ladha ya soda yao baada ya kuonjesha watu karibu 200,000, na wengi kweli walipendelea ile mpya. Wakaitoa Aprili. Watu wakapiga simu, wakaandika barua, wakaandamana, na mwezi wa saba, baada ya siku 79, kampuni ikarudisha ile ya zamani. Vile vipimo vilipima ladha ya kikombe kidogo. Kitu ambacho mtu amekunywa tangu utoto, kwenye harusi na Krismasi, kikombe kidogo hakiwezi kukuonyesha anajisikiaje ukimnyang'anya.

Kwa hiyo badilisha maswali. Usimuulize mtu atafanya nini, muulize amefanya nini. "Mara ya mwisho kununua juisi ilikuwa lini? Ulikuwa na nani? Ulitaka kuchukua nini ukakikosa?" Hapo anakusimulia, na kwenye kusimulia adabu inapungua na ukweli unaongezeka. Sikiliza vitenzi kuliko sifa: nzuri, safi, tamu hazikusaidii sana, lakini "nilimwachia mtoto akaacha nusu", hilo lipigie mstari. Na tafadhali toka hotelini. Simama dukani saa 11 jioni watu wakirudi kazini, tazama mkono unaonyooshwa kwenye friji unapita juu ya chupa yako unakwenda wapi, alafu muulize mwenye mkono kwa upole.

Kusikiliza kwa macho nako ni kusikiliza. Jirani zetu Kenya mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walikuwa wanajaribu huduma ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kulipa mikopo midogo, pamoja na taasisi ya Faulu. Lile jaribio wateja walilitumia wanavyotaka wenyewe: huyu anamtumia ndugu hela, yule anaweka pesa kabla ya safari anazitoa akifika ili asitembee nazo mfukoni. Timu ingeweza kusema mnatumia vibaya, rudini kwenye mikopo. Badala yake wakaona, wakageuza, na Machi 2007 M-Pesa ikatoka ikiwa ni ya kutuma pesa nyumbani. Miaka miwili baadaye, 2009, MTN ikaleta mobile money hapa kwetu Uganda na leo hata rolex ya asubuhi, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, unalipia kwa simu. Hakuna aliyekaa kwenye kikundi akasema nataka huduma hiyo. Walionyesha kwa mikono.

Katoni zinazorudi nazo zinasema kitu. Kabla ya kutengeneza tangazo jipya nenda kwenye maduka ishirini yaliyorudisha, kaa, na usimtetee mtu wala kitu.

Anti, mimi ni mtu wa Arua, nimeletwa Kampala kusimamia mauzo ya simu na vifaa vyake upande wa mjini. Kiswahili kwangu ni cha nyumbani, Kiganda changu cha kubabaisha. Naona kastoma ananisikiliza vizuri, anakubali, anasema atarudi, na harudi. Nadhani lugha inaniangusha. Nifanyeje? – Mlugbara mjini

Karibu Kampala kaka. Lugha ina sehemu yake lakini si yote, hata wenyeji wanaangushwa na hilo hilo.

Hapa mjini "nkomawo", yani narudi sa hivi, ni njia ya heshima ya kusema hapana. Mtu anakupa mlango wa kutokea bila aibu kwako wala kwake. Na "kale", ambayo kwenye Kiswahili chako ni zamani lakini kwa Kiganda ni sawa, ina sauti nyingi. Kale fupi ya haraka, macho yameshaenda kwa bodaboda anayepita, hiyo ni kwaheri. Kale ya kuvuta, inayopanda, huyo bado anafikiria, mpe nafasi. Nyusi zikinyanyuliwa juu bila neno, hiyo ni ndiyo, na wageni wengi wanaikosa kabisa kwa sababu wanangoja sauti. Huhitaji Kiganda cha kuhutubia ili usikie haya, unahitaji kukaa kimya na kutazama kwa wiki kadhaa, na kumuuliza mwenzako mwenyeji jioni, "yule mama alivyosema vile alimaanisha nini?"

Kingine, usiruke salamu. Najua targeti inakusukuma. "Gyebale ko" ni kumshukuru mtu kwa kazi aliyo nayo, na jibu lake ukilisikiliza kweli linakwambia siku yake ikoje, kama kauza au hajauza, kama yuko tayari kuongea au amechoka. Maketa wengi wanasalimia huku mkono umeshaingia kwenye begi, na kastoma anauona huo mkono.

Kuhusu Kiswahili, hapa nakuomba uwe na masikio mawili. Ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba yetu tangu marekebisho ya 2005, na mimi naipenda kama unavyoipenda, lakini wapo watu wazima wengi hapa Kampala ambao Kiswahili walikisikia kwanza mdomoni mwa askari, kikiwaambia tokeni, laleni chini. Ukimfungulia mzee kama huyo kwa Kiswahili ukaona mabega yamepanda, usidhani amekukataa wewe wala simu zako. Rudi kwenye Kiganda chako cha kubabaisha. Kibovu chenye nia kinapokelewa, atakusahihisha neno moja na hapo mmeshaanza kuongea. Na upande wa pili, ukikutana na mtu wa Bombo au wa West Nile mwenzako au dereva wa malori ya Malaba, Kiswahili chako ndo kitamfungua zaidi ya Kiingereza cha mabango. Acha yeye achague, wewe fuata.

Na akisema atarudi, usimkamate. Muulize tu kwa utaratibu, "sawa mama, ukirudi nikuwekee ipi?" Anayekusudia atakwambia ipi. Asiyekusudia atacheka kidogo, na hapo unaweza kumuuliza kilichomzuia, mara nyingi atakwambia maana umeshampunguzia mzigo.

Anti, naweza kurekodi mazungumzo na kastoma kwa simu yangu ili nisisahau? Siwezi kuandika na kusikiliza pamoja. – Maketa wa Jinja

Unaweza akikubali, na umwombe kabla ya kuwasha. Sheria yetu ya kulinda data na faragha ya 2019 inataka mtu akubali taarifa zake kuchukuliwa na ajue unazichukulia nini, na sauti yake pamoja na jina na namba ya simu ni taarifa zake. Usirekodi kwa siri ukaiweka kwenye grupu la ofisi, nimeona hilo likifanyika na liliniumiza. Ila mimi nakushauri tofauti: sikiliza bila kitu mkononi, ukitoka kaa kwenye bodaboda au kwenye kivuli dakika tano, andika sentensi tatu alizosema kwa maneno yake hasa, si kwa Kiingereza cha ripoti. Baada ya mwezi utashangaa kichwa kimezoea.

Anti, nina vijana tisa wa mauzo Mbale. Wote wanaongea vizuri, hakuna anayesikiliza. Wanalipwa kamisheni, na fomu ya kila siku inauliza maduka mangapi umetembelea, katoni ngapi umeuza. Nawafundishaje kusikiliza? – Supavaiza Mbale

Umeshajijibu kwenye swali kaka. Fomu yako inauliza namba tu, kijana atakuletea namba. Atakimbia maduka 30 kwa siku na hatajua hata moja kwa nini halikununua.

Weka mstari mmoja mpya kwenye fomu: neno la kastoma leo, kama alivyolisema mwenyewe. Lugisu, Kiswahili, Kiganda, liandikwe kama lilivyotoka. Mstari wa pili: ulimuuliza nini baada ya hapo. Basi, usiongeze mingine, fomu ndefu inajazwa uongo. Kila asubuhi kabla hawajatoka soma matatu kwa sauti na uwaulize wenzake, hapa tungeuliza nini? Wiki ya kwanza watakuandikia "ghali, ghali, ghali", usikasirike, muulize tu kila mmoja ghali kwa nini, na asiyejua arudi duka lile lile kesho yake. Hawapendi kurudi mikono mitupu, kwa hiyo siku ya tatu wataanza kuuliza huko huko.

Kuna Mwingereza anaitwa Neil Rackham, yeye na timu yake walikaa miaka 12 wakichunguza ziara za mauzo zaidi ya 35,000 katika nchi nyingi, na moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba kwenye ziara zilizozaa dili, mnunuzi ndo alikuwa anaongea zaidi na muuzaji anauliza zaidi. Waambie vijana hilo maana wengi wanaona kunyamaza ni kushindwa kazi. Na kwenye kamisheni, kama una uwezo hata kidogo, tenga kiasi kwa ajili ya duka lililonunua mara ya tatu, si mara ya kwanza tu. Mara ya kwanza unaweza kumuuzia mtu kwa maneno. Ya tatu hapana.

Alafu jambo moja nalisema kwa upendo. Jumatatu kijana akikuletea neno la kastoma linaloumiza kampuni, mfano "nyinyi mnatuletea mali iliyokaribia kuisha muda", utafanya nini? Ukimwambia nenda kauze hayo mengine tuachie ofisi, hao tisa wote watakuwa wamekusikia, na kesho mstari wako utajazwa "kastoma amefurahi". Kwa hiyo kabla hujachapisha fomu, kaa na kila mmoja wao peke yake nusu saa, muulize kazi inamwendaje huko nje, na hesabu mpaka nne. Anza na yule anayeuza kidogo kuliko wote. Alafu niandikie alichokwambia.